Bibi Gramu Aalikwa Mezani

Kazi ya kukagua mizani haina marafiki. Mkaguzi huyu ninayemsimulia alikuwa ameifanya miaka ishirini na minane, na wenye maduka walimbandika jina la Bibi Gramu. Aliingia sokoni na kisanduku chake cha mbao, kichwa juu, viatu bapa, na habari zake zilimtangulia kibanda hadi kibanda. Wenye mizani safi walimsalimu. Wenye mizani yenye kasoro walimsalimu zaidi, wakamuulizia mpaka hali ya watoto ambao hakuwahi kuwazaa.

Ndani ya kisanduku kile mlikuwa na mawe ya mizani ya shaba, kuanzia la kilo mbili mpaka la gramu moja lililo dogo kuliko kifungo cha shati, kila moja limelala kwenye shimo lake juu ya kitambaa laini. Hakuyashika kwa mkono mtupu hata siku moja. Alivaa glavu nyeupe, kwa sababu jasho la vidole likiganda kwenye jiwe, jiwe huongezeka uzito, na hapo mkaguzi naye anakuwa mwizi. Aliyaamini mawe hayo kuliko alivyowaamini dada zake wa tumbo moja, na dada zake walishalizoea jambo hilo.

Hakuzaliwa hivyo. Katika mwaka wake wa pili kazini, akiwa bado msichana mwenye kicheko cha karibu, alialikwa chakula cha mchana na muuza nafaka mmoja, bwana mwenye ulimi wa asali. Akala, akashiba, akashukuru. Kesho yake akakuta kipande cha risasi kimegandishwa chini ya sahani ya mizani ya mwenyeji wake, akaandika ripoti kama alivyofundishwa. Yule bwana akasimama katikati ya soko akatangaza kuwa jana huyu amekula kwangu, leo ananiandika kwa sababu nimekataa kumpa zaidi. Bibi Gramu akasimamishwa kazi miezi saba. Baadaye walimsafisha jina na kumrudishia mhuri wake, lakini mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufa, naye amekufa akimwacha binti ambaye majirani walimsengenya.

Tangu hapo, akiwa safarini hakuonja cha mtu. Mkate wake, mayai yake ya kuchemsha, chai yake ndani ya themosi, meza ya pembeni, uso umeelekea mlangoni. Lakini tusimpake rangi: alichoka. Watu wa meza nyingine walipoangua kicheko, alitamani sana kuwa mmoja wao, akajifanya anasoma karatasi ya bei za vyakula iliyobandikwa ukutani. Kula na watu, basi, hakuna kingine alichokitaka, na hakuna kingine kilichomtia hofu kama hicho.

Safari hii alifikia nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mnene wa sauti kali, funguo zote zikimning'inia kiunoni, hivyo wageni walimwita Mama Funguo. Bibi Gramu alimaliza mizani ya soko kwa siku mbili. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Alhamisi: kinu cha kusaga nafaka mwisho wa barabara, ambacho wakulima walikilalamikia kwa barua tatu kwamba mizani yake inakula magunia yao.

Jumanne alasiri lori la kinu hichohicho lilisimama mlangoni. Wakashuka mzee mmoja mrefu na mkewe, unga mabegani, wamebeba kasha lililojazwa nyasi kavu kama watu wanaosafirisha mayai. Mzee alitabasamu kwa Mama Funguo, akatabasamu kwa paka, akatabasamu kwa Bibi Gramu. Machale yakamcheza. Akatoa kidaftari chake akaandika: saa tisa na nusu, mzee na mkewe, lori la kinu, kasha moja. Akalipigia mstari neno lori.

Asubuhi yake, kwenye chai, Mama Funguo alimlazimisha kikombe cha maziwa. Bibi Gramu hakunywa, ila alinusa, na kwa kuwa hajui kunyamaza penye kasoro, akasema maziwa yale yamechemshwa mara mbili na mara ya pili yameshika chini ya sufuria. Mama Funguo akaapa kwa marehemu mumewe kwamba si kweli. Kisha akaenda kuitazama sufuria, akarudi akakiondoa kikombe mezani. Pale kwenye meza ya dirishani yule mzee alikuwa amegeuka mzima-mzima anamkodolea macho mkaguzi, na akamnong'oneza mkewe jambo. Mkewe naye akageuka.

Haikupita saa moja mzee akamfuata barazani alikokuwa akifuta mawe yake. Akaomba kutazama. Akasifu glavu, akasifu kitambaa, akasema ni nadra siku hizi kumpata mtu anayejali kitu kidogo namna ile. Bibi Gramu akawaza kwamba kilemba cha ukoka hicho, na amekivishwa kabla jua halijawa kali. Ndipo mzee akasema yeye na mama wangefurahi kama dada angekula nao jioni. Wana chupa moja ya mvinyo mzuri, mzuri kwelikweli, na hawataki kuinywa peke yao.

Alikubali. Alijiambia anakwenda kama mkaguzi, kuwaacha wajikaange kwa mafuta yao wenyewe mpaka waseme nani kawatuma. Lakini alivaa hereni zake za dhahabu, zile za sikukuu, na sijapata kuona mtu akivaa hereni kwenda kukagua.

Walikaa uani, jua likiwa bado juu ya ukuta. Meza ilikuwa na kitambaa kilichopigwa pasi, kuku wa kuoka, viazi, mboga za majani na bakuli la mchuzi. Mke wa mzee, mama mwenye mikono mikubwa aliyepika yote hayo kwenye jiko la Mama Funguo, alimpakulia paja zima, akamwita mdogo wangu. Bibi Gramu akalisukuma paja huku na huko kwenye sahani, akasema tumbo lake halikuamka vizuri.

Mzee aliitoa chupa kwenye nyasi kama mtu anayemtoa mtoto kwenye beseni. Akaifuta shingo kwa kitambaa cheupe, akazungusha kizibuo polepole, kizibo kikatoka bila sauti. Alikuwa mhudumu wa mvinyo katika hoteli kubwa kwa miaka thelathini na moja, akasema, na chupa hii alipewa siku alipostaafu. Maelezo yalimtoka kama maji. Bibi Gramu aliyaona yametoka vizuri mno, kama yamefanyiwa mazoezi.

Kisha akatazama glasi. Mke wa mzee hakumiminiwa kitu. Mzee alijimiminia kama kijiko cha dawa. Yeye, mgeni, akajaziwa glasi nzima. Kwa mtu mwenye kazi yake, jambo hilo lilikuwa wazi kama risasi chini ya sahani: wanataka alewe, asaini kwamba mizani ya kinu ni safi, au waseme kesho kwamba alilewa mezani kwao. Aliiona miezi ile saba ikirudi.

Aligusisha glasi mdomoni, midomo ameibana. Mzee alipoinama kumkatia mkewe kuku, themosi ya mkaguzi ilikuwa tayari wazi kando ya mguu wake, na mvinyo ukaingia humo juu ya mabaki ya chai. Si kwamba aliumwaga. Mkaguzi hamwagi kitu, mkaguzi anatunza kielelezo. Mzee akafurahi kuiona glasi tupu, akamwongezea, na ile ya pili nayo ikapita njia ileile.

Wakamuuliza kesho anafanya kazi wapi. Akasema kwenye kinu, akawatazama machoni. Mke wa mzee akasema lo, wale watu wazuri sana, wana roho nzuri mno. Bibi Gramu nusura atabasamu. Akayahifadhi maneno hayo kichwani, neno kwa neno, kwa ajili ya kidaftari.

Mzee hakuwa akimsikiliza mkewe. Alikuwa ameegemeza viwiko mezani na macho yake hayatoki kwenye mdomo wa Bibi Gramu.

"Sasa niambie, dada," akasema. "Usiharakishe. Unasikia nini?"

"Mtamu," akajibu Bibi Gramu. "Mtamu sana, mzee wangu."

Mke wa mzee akaweka uma chini. Mzee alibaki vilevile alivyoegemea, ila lile tabasamu la siku mbili likamtoka usoni taratibu, na bila tabasamu alionekana mtu mzee sana na mwenye kuchoka.

"Mdogo wangu," akasema yule mama, "huo si mtamu. Mimi dawa zangu za presha haziniruhusu kunywa, lakini nimeusikia ukisimuliwa nyumbani kwangu miaka yote. Hauna utamu hata chembe."

Ikawa zamu ya mzee kueleza, naye alieleza bila kulalamika. Msimu wa mvua uliopita alishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na pua yake na ulimi wake. Sasa akila ndimu, akila sukari, yote ni karatasi. Chupa tatu alizopewa alizipakia, wakaanza safari ya kwenda kwa binti yao, na kila wanapolala anatafuta mtu mmoja wa kunywa naye amweleze ladha, ili aisikie kwa masikio angalau. Wa kwanza, dereva mstaafu, alisema mvinyo ni mzuri. Wa pili, mwalimu, alisema ni mzuri sana. Hii ilikuwa ya tatu, na ndiyo aliyokuwa akiisubiri, kwa sababu mvinyo huu aliwahi kuuonja mara moja tu, akiwa kijana, tone lililobaki kwenye glasi ya mgeni.

"Jana ulipoyasema yale maziwa, la, si jana, ni leo asubuhi," mzee akajirekebisha na kucheka kidogo, "nilimwambia mama, tumempata. Huyu hatanidanganya."

Bibi Gramu alitaka kunyamaza. Badala yake akajisikia akiuliza habari za lori, na hapohapo akaona haya kwa kuuliza. Mke wa mzee akamjibu tu: basi lao liliharibika njiani, wakakaa juani tangu asubuhi, dereva wa lori la kinu akawahurumia. Hata kinu chenyewe hawajui kiko wapi.

Hapo ndipo alipoinama akaiinua themosi, akaiweka mezani kati ya viazi na mchuzi.

"Sikunywa," akasema. "Umo humu, wote. Nilidhani mmetumwa. Nisameheni."

Mzee akachungulia ndani. Majani ya chai yalikuwa yakielea juu ya mvinyo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza mkaguzi kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa sokoni. Bibi Gramu akaitazama chupa: kidogo kilikuwa kimebaki, chini kabisa. Akasogeza glasi yake mbele.

"Nimiminie hicho, mzee. Sasa hivi nitakwambia kweli tupu."

Mzee akaufunika mdomo wa glasi kwa kiganja chake, kwa upole, kama vile alivyowafunikia wateja wengi waliokunywa vya kutosha.

"Hapana, dada. Sasa utakunywa kwa kunionea huruma. Utanitafutia maneno mazuri, na hayo ninayo mengi."

Mama Funguo akatokea kuondoa sahani, funguo zikilia. Mzee akamvutia glasi safi, akammiminia kile kilichobaki bila kumweleza lolote. Naye hakuuliza. Akaupiga wote mara moja kama dawa ya minyoo, akakunja uso mpaka macho yakapotea.

"Mnajitesa nyie," akasema. "Mchungu huu. Umenikausha mdomo wote, kama nimelamba mkanda wa ngozi wa marehemu."

"Ngozi," mzee akasema.

"Ngoja, haujaisha." Mama Funguo akalamba midomo, amekasirika na bado anatafuta. "Kuna kama moshi. Na mwisho kabisa kama zambarau zile zilizoanguka chini, zikalaliwa na mvua. Mbaya, lakini ukiondoka unautaka tena."

"Zambarau," mzee akasema, na machozi yakamtiririka waziwazi, akayaacha, akamgeukia mkewe. "Ndiyo. Zilikuwepo. Mama, umesikia? Zilikuwepo."

Mkewe akavuta kiti cha nne. Mama Funguo akakaa bila kukaribishwa mara mbili, akadai ameacha jiko halina mtu, na asiinuke. Mzee akataka asimulie tena toka mwanzo, kwanza mkanda, halafu moshi, na kila mara alimuuliza mkanda mpya au wa zamani, naye Mama Funguo akaanza kumsimulia marehemu mwenyewe, wote watatu wakacheka mpaka paka akakimbia. Bibi Gramu alikuwa amesogeza kiti chake ili kupisha nafasi, na hakuna aliyemwambia akirudishe karibu. Hawakumfukuza wala hawakumnunia. Walikuwa tu wanazungumza.

Akavuta sahani yake, akalishika paja la kuku kwa vidole, akala. Lilikuwa limepoa, na lilikuwa tamu mno, chumvi yake sawasawa, ngozi bado inakatika, na hakuna aliyemuuliza analisikiaje.