Bwana Samaki Aliyekataa Kula

Mjukuu wangu wa kike, ambaye namwita mke mwenza, ana bwawa la kambale huku kwetu Lionja. Anawakausha kwa moshi kwenye kichanja, mimi nachochea moto. Juzijuzi akapata mnunuzi ng'ambo ya Ruvuma, huko Msumbiji. Nikapiga vigelegele. Kumbe samaki havuki mpaka hivi hivi, lazima awe na cheti cha afya.

"Wameshakufa, mke mwenza. Afya gani tena?"

"Ya watakaowala, bibi. Bila cheti wanarudishwa, na mnunuzi ananiacha."

Basi akaja bwana samaki, kijana wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka kanda ya ziwa. Jina lake nalijua, la baba yake nililiuliza, na la mama yake pia, hapa siyaandiki. Akakagua kichanja, akanusa maji ya kuoshea, akanitazama mpaka kucha. Akachukua kambale wachache wa kupeleka maabara, akawafunga vizuri.

Mimi nilishapika. Mgeni haondoki kwangu na tumbo tupu. Nikamtengea ugali na kambale wa mchuzi wa korosho. Akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Hapana, bibi. Nikila, watu watasema cheti mmekinunua kwa mchuzi."

Iliniuma. "Huko ziwani mmekula samaki mpaka mmekinai, ndiyo maana unamdharau wangu?"

"Sijakinai, bibi yangu. Tangu asubuhi sijanywa hata chai."

Akameza mate, nilimwona. Nikaisogeza sahani. Mjukuu akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mwache aende, bibi. Ukimlazimisha unaniharibia."

Nikairudisha sahani jikoni, na kwangu mimi hiyo ni kazi. Yule mtoto akapanda pikipiki na njaa yake. Nilimpenda palepale. Hakutaka hata sufuria yangu ikichafue cheti chetu.

Majibu ya maabara yalikuwa mazuri, cheti kikatoka. Siku ya kupakia, mjukuu akanisomea kwa sauti: samaki hawa wanafaa kuliwa na binadamu.

"He! Na mimi niliyekuwa nawala siku zote, nilikuwa nani?"

Akacheka mpaka akaketi juu ya matenga, dereva akimpigia honi. Walivuka salama wale kambale, na mnunuzi ameagiza wengine. Sasa moto hauzimiki, nanukia moshi mpaka kwenye kanga ya kuendea harusini.