Bi Kitovu na Dishi la Zahanati

Ni fundi wa kuchomelea vyuma, lakini jina lililomganda ni Bi Kitovu, maana neno hilo halimtoki mdomoni. "Dishi si bakuli la uji," huwaambia wateja. "Wimbi la mtandao likigonga popote humu ndani, lazima lirudi hapa kwenye kitovu. Likikosa, umenunua karai."

Umbo hakisii kwa jicho. Hulaza rula ndefu juu ya plaiwudi, akatelezesha kando yake skwea, ile rula ya fundi yenye pembe mraba. Huchukua uzi wenye urefu sawa na mguu wa skwea: ncha moja huifunga juu ya mguu huo, nyingine kwenye msumari uliopigiliwa mahali pa kitovu. Penseli hubana uzi kwenye skwea, na skwea ikitembea, tao linajichora. Kwa tao hilo hukunja mbavu za chuma, akazivisha wavu.

Safari hii mteja alikuwa mdogo wake, mkunga wa zahanati iliyojificha nyuma ya kilima. Mtandao ulifika huko hafifu mno, simu haikushika, na wakubwa wa afya walishasema: daktari asipopatikana kwa simu ifikapo Jumatatu, chumba cha kuzalishia kinafungwa.

Jumamosi dishi lilikuwa tayari. Bi Kitovu akabandika vipande vya kioo ndani, akaligeuzia jua, akashika kadibodi pale kwenye kitovu. Nuru ilitakiwa ikusanyike iwe doa dogo. Ikatapakaa kama yai lililopasuka.

"Mbona limependeza," mumewe alisema. "Nani atalipima huko?"

"Mama mwenye uchungu. Umeshawahi kukaa naye chumbani, baba watoto?"

Mume akapata kazi ya kufagia.

"Dada, sogeza tu kipokeo cha wimbi mbele kidogo," mkunga aliomba.

"Nikisogeza nitapata mawimbi ya katikati, nikose ya pembeni. Wewe mtoto akilala vibaya tumboni unamsogeza mama?"

Bi Kitovu akauvuta ule uzi wa kuchorea tao. Ukarefuka. Uzi wake wa siku zote, wa kushonea viatu, ulikuwa umemwishia, akatumia nailoni, na tao likapotoka.

"Unavutika kama hadithi ya mlevi," akasema, akawasha mashine ya kukatia. Mbavu zote chini. Mumewe akaja kushika vyuma bila kuitwa, jambo la kuandikwa.

Jumapili, uzi mpya wa viatu ukiwa umenunuliwa na kufanya kazi yake, nuru ya jua ilikusanyika kitovuni ikatoboa kadibodi.

Jumatatu mkubwa mmoja alifika zahanati na kufuli mkononi. Bi Kitovu alikuwa juu ya bati, anageuza dishi taratibu kuelekea mnara wa mjini. Chini, mkunga alishika simu iliyoungwa na dishi kwa waya.

"Nakusikia, mkunga," daktari alisema. "Kuna mgonjwa?"

"Yupo. Miezi minane, miguu imevimba, kichwa kinamgonga."

"Mpime presha, nasubiri hapahapa."

Mkubwa akarudisha kufuli mfukoni. Juu, Bi Kitovu akakaza nati ya mwisho, akaita aletewe ngazi. Hakuna aliyemsikia, wote walikuwa kwa mgonjwa.