Wifi Yangu Alijua Kwa Nini Ninanuka

Asalaam alaykum. Admin, jina langu libaki kwako, maana watu wa nyumbani wakinijua sina pa kulala.

Mimi ni mama wa miaka 27, naishi Makangale, Pemba. Mtoto wangu wa pili nilijifungulia hospitali, jina lake silitaji, na aliyenizalisha ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mkunga pale. Nilifurahi, nikajiona niko mikononi mwa ndugu. Nilichanika, akanishona, kesho yake nikarudi nyumbani.

Siku ya sita harufu ikaanza. Wallahi si harufu ya mzazi, ni ya mzoga. Nilikoga maji ya moto mara nne kwa siku, nikabadilisha kanga mpaka zikaniishia. Mkwe wangu alifukiza ubani hadi macho yakatuwasha. Mume wangu akahamia ukumbini. Nikimnyonyesha mwanangu nalia, naona nampaka uchafu.

Wifi alikuja kunitazama. Akasimama mlangoni, kaziba pua kwa mtandio.

"Wifi, jisafishe. Uzazi hautaki uvivu."

Alisema mbele ya majirani. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki ya tatu homa ikanishika nikawa natetemeka. Mama yangu mzazi akaja akanichukua, tukaenda kwa mkunga mmoja mtu mzima Chake Chake. Alinipima, akaomba beseni. Akavuta. Kikatoka ndani yangu kitambaa cha kuzuilia damu, kimeoza, cheusi, kinachuruzika usaha. Mama alikimbilia nje kutapika. Mimi mpaka leo nikila nakiona.

"Nani alokushona, mwanangu?" yule bibi aliuliza. "Vitambaa hivi huhesabiwa kabla na baada ya kushona. Huyu hakuhesabu." Akanipa dawa, akaniandikia karatasi kueleza alichokitoa. "Ipeleke ulikozalia, wasimfanyie mwengine."

Niliporudi nikamwita wifi chumbani, nikamwonesha karatasi. Akafunga mlango, akaanza kulia. Akasema siku niliyojifungua alikuwa peke yake na wazazi wanne, hakuhesabu, akaandika tu kwenye faili kuwa vimetimia.

Hilo ningemsamehe. Binadamu huchoka. Lakini nikamuuliza, "Siku ile ulipoziba pua mlangoni, hukujua?"

Akainamisha kichwa. "Nilihisi, wifi. Niliogopa kazi yangu."

Yaani alijua! Aliniacha nioze, akaniita mvivu mbele za watu, akaenda zake. Tangu hapo akinishika mkono naenda kunawa. Akimbeba mwanangu mwili unanisisimka kwa kinyaa.

Nikamwambia mume wangu naipeleka karatasi. Akasema, "Yule ni dada yangu tumbo moja. Ukiipeleka, na wewe pitiliza kwenu." Mkwe naye ananiambia nimshukuru Mungu nimepona, aibu ya nyumba haitolewi nje. Siku zile mimi nanuka, mbona aibu ilitolewa nje?

Juzi jirani yangu, mimba ya miezi minane, kaja kukaa barazani kwangu anacheka. Kaniambia, "Mie sina wasiwasi, wifi yako kaniahidi atanizalisha mwenyewe."  Nikajifanya nimesikia mtoto analia, nikaingia ndani.

Karatasi nimeificha chini ya godoro. Nikiipeleka naachika na watoto wawili. Nikinyamaza, huyu jirani akienda kuoza kama mimi, au akafa, nitamtazama vipi mama yake? Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaofanya kazi hospitali, niambieni nifanye nini, maana mimba yake imebakisha mwezi mmoja tu.