Fundi aliyegoma kupaka bila praima

Saa mbili asubuhi, chumba cha kujifungulia katika zahanati hii kinanuka vumbi. Mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha kijani anapenyeza kikwangulio chini ya rangi, anasukuma kidogo tu. Rangi inabanduka kipande kizima, inamdondokea miguuni.

"Miezi saba," anasema. "Haijamaliza hata mwaka."

Mlangoni amesimama msimamizi wa ujenzi, mikono mfukoni. Anaomba papakwe pale palipobanduka tu.

"Kaka, nikiziba hapa, kesho patabanduka pale. Tunakwangua kuta zote, tunapiga praima, ndipo rangi. Kama hutaki, natoka. Njia naijua."

Anaijua kweli. Alishawahi kutoka kwa mlango huo huo.

Mafundi wenzake humwita Mama Praima, jina lililoanza kama dhihaka. Ana miaka arobaini na minne na watoto watatu. Alianza kwa kufagia nyumba zinazojengwa, macho yakiwa kwa mafundi, hadi siku mmoja wao alipougua, naye akashika rola.

Siku hizo hata yeye aliruka praima, ile rangi ya kutangulia. Kazi yake ya kwanza ya peke yake ilikuwa chumba cha dada yake, aliyekuwa mjamzito. Lipu ilikuwa mpya. Akapaka rangi moja kwa moja, ikapendeza, akasifiwa. Mtoto alipozaliwa, magamba ya rangi yakaanza kuanguka.

"Dada hakuniambia neno. Nilikwenda kumwona mtoto, nikakuta kitanda kimesogezwa katikati ya chumba, mbali na kuta zangu. Bora angenigombeza! Nilikosa pa kuuweka uso."

Tangu hapo huanza kwa kuuliza ukuta. Huusugua kwa kiganja aone kama unatoa unga. Huurushia maji, yakinywewa papo hapo, ukuta una kiu, na praima ndiyo ya kuukata kiu hiyo ili rangi ishike.

"Ukuta uliokwisha kupakwa, mzima, msafi, na rangi ni ile ile, siupigi praima. Mimi mkaidi, si mwehu."

Zahanati ilipokaribia kufunguliwa, msimamizi alimtaka aruke praima ili wawahi wageni. Alikataa mbele ya mafundi saba, wote wanaume.

"Mama, unapaka ukuta au unautibu?" mmoja akamtania. Wakaangua kicheko. Akafungasha brashi zake, nao wakapaka bila praima.

Kwa wiki tano hakuna aliyempa kazi. Akafua nguo za watu. Mumewe, dereva wa lori, akamsihi arudi akaombe radhi.

"Nikamwuliza, baba watoto, breki zikigoma utaendesha kwa sababu mzigo unasubiriwa? Kesho yake nikamkuta ananichotea maji ya kufulia."

Rangi ya zahanati ilipoanza kubanduka, muuguzi mkuu alikifunga chumba. "Sikubali mama azalie chini ya magamba," anasema. "Nikawaambia, mleteni yule aliyegoma."

Pale mlangoni, msimamizi anakuna kichwa. "Itachukua siku ngapi?"

"Nne."

"Fanya mbili, dada yangu."

"Nne. Praima haikauki kwa kubembelezwa."

Kisha msimamizi anatoa simu ili aagize, na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Makopo mangapi?"

"Sita. Na msasa."

Mwezi ujao Mama Praima anakusudia kusajili kikundi chake mwenyewe, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wafagiaji kama yeye. Anataka kusaini mikataba kwa mkono wake, asiwe tena chini ya mtu wa kumharakisha.

"Wananiambia kwa ukaidi huu nitakosa wateja," anasema, huku akirudisha kikwangulio ukutani. "Nikose! Anayetaka ukuta upendeze siku ya sherehe tu, akatafute mpambaji. Mimi ni fundi rangi."