Hewa ya Vitanda Vinane

Mambo ya kompresa, mashine ya kushindilia hewa, nilijifunzia Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu. Kule hewa ni ya kuendesha nyundo za kutobolea mwamba. Ikipungua, nyundo inalegea, wachimbaji wanatukana, unafunga mpira uliopasuka, kazi inaendelea. Kwa hiyo daktari wa hospitali moja ndogo karibu na mji wa Baraka, kando ya ziwa, aliponiita nimchagulie kompresa ya mtambo wa oksijeni, niliona ni kazi ninayoijua.

Mtambo wenyewe shirika moja lilikuwa limeshauahidi. Unapokea hewa ya kawaida, unaichuja, unatoa oksijeni. Ila hauvuti hewa wenyewe. Lazima kompresa iusukumie kutwa kucha bila kupumzika. Daktari alinikabidhi kwa muuguzi mkuu, mama wa makamo, mzaliwa wa hapo ziwani, tukazunguka wodini na daftari.

"Mutu mukubwa, weka lita tano kwa dakika," aliniambia. "Mutoto, lita mbili. Kama mutu iko mubaya sana, anaweza kufika kumi na tano."

"Na bitanda iko ngapi, mama?"

"Munane. We andika munane, lakini ujue haitabakia munane."

Niliandika. Ili mtambo utoe lita moja ya oksijeni, unahitaji lita kama kumi na mbili za hewa. Nikaongeza kwa ajili ya joto la chini ya mabati, kwa ajili ya mabomba yatakayovuja, kwa ajili ya filtri zitakazojaa vumbi. Nikachagua kompresa ya visi, yaani ya skrubu mbili zinazosokota hewa, inayoweza kuzunguka siku nzima, kwa sababu ile ya pistoni isipopumzishwa inaungua. Nikaomba kikaushio, maana hewa ya kando ya ziwa ina maji mengi. Na nikaomba mashine mbili, moja ikifanya kazi nyingine ingoje. Kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Mashine ilikuja kwa boti hadi Baraka, kisha kwa lori hadi hospitali. Ilikuwa moja, ya pistoni, na tanki kubwa jekundu. Nilisoma kibao chake cha vipimo nikiwa bado nimesimama juu ya lori, kisha nikampigia simu mtu wa manunuzi wa lile shirika.

"Papa, uliandika bar nane," alisema kwa upole. "Na hii iko bar nane."

"Bar ni nguvu ya kusukuma. Mi naongea juu ya wingi. Na ile wingi ya kwenye kibao ni ile pistoni inameza, haiko ile inatoka."

"Lakini tanki yake iko kubwa kuliko ile uliomba."

"Tanki inachunga hewa tu. Haitengenezi."

"Kuirudisha haiwezekani, papa. Mufunge hii kwanza, tutaona."

Daktari alikuwa amesikia yote. "Tukiikataa, tunabaki na nini?" aliniuliza. Tulikuwa na chupa mbili za oksijeni, na pa kuzijazia palikuwa mbali, kwa barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Basi nikaifunga. Nikaiwekea kivuli cha turubai, nikaelekeza mdomo wake wa kuvutia hewa mbali na moshi wa jenereta. Kwenye karatasi ya kupokea mashine nilitia sahihi yangu, na chini nikaandika kwa herufi ndogo: wagonjwa wanne, wasizidi. Sijui kama kuna mtu aliyeisoma.

Kwa wagonjwa wanne ilitosha. Kwa miezi miwili ilitosha, hata nikaanza kuona labda mimi ndiye niliyekosea hesabu.

Kisha watu wakaanza kushuka kutoka milimani, wakikimbia vita. Makanisa yalijaa, shule zikajaa, kisha wodi. Siku moja saa saba mchana kulikuwa na wagonjwa tisa kwenye oksijeni. Kompresa haikuwa imezimika tangu asubuhi, na kichwa chake kilikuwa cha moto hata maji niliyomwagia yalikauka papo hapo. Muuguzi alikuja mlangoni.

"Papa, oksijeni inashuka."

"Najua, mama."

"Nipunguze kwa nani?"

Nilijua ni lita ngapi zimebaki kwenye tanki na zitadumu dakika ngapi. Hayo ndiyo niliyoyajua. Nikamwambia ni dakika ngapi, naye akaondoka mbio. Mashine ikajizima yenyewe. Niliigusa, nikajaribu kuiwasha, ikakataa, nikakaa chini kando yake nikingoja chuma kipoe, na chuma hakiharakishwi.

Chupa mbili ziligawiwa watoto na mzee mmoja. Mwanamke mmoja kati ya wale tisa, aliyekuwa amejifungua siku mbili nyuma, hakufika jioni akiwa hai. Mtoto wake alibaki.

Niliandika barua kwa lile shirika, daktari akaandika yake. Walijibu kwamba mashine ya pili imekubaliwa. Ninapoandika haya haijafika.

Siku iliyofuata kile kifo, mume wa yule mwanamke alikuja kunitafuta kwenye kibanda cha kompresa. Alikuwa mfugaji wa milimani, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alikuja na ndugu wa kumtafsiria. Nilisimama nikidhani amekuja kuniuliza kwa nini mashine ilizimika.

"Anasema anakushukuru," yule ndugu alisema. "Alikuona ulikuwa unahangaika na mashine."

Nilitaka kumwambia kuhusu ile karatasi, na kwamba nilijua tangu siku ile juu ya lori kuwa mashine haitatosha. Maneno yalikuwepo. Nikatazama mikono yangu iliyojaa oili, nikasema, "Mumwambie pole sana."

Ndugu akamtafsiria, naye akaitikia kwa kichwa, akanishika kiganja kwa mikono yake miwili. Kisha akauliza kama kuna mahali pa kupata maziwa ya mtoto, na nikaenda naye kumtafuta muuguzi.