Printa ya ofisi ya ndiva ilikataa wiki nzima, nikakaribia kurithi kiti cha Mama Nakunda

Wakuu, habari za kazi. Na sisi ambao bado tunaitafuta, habari zetu pia.

Swali lililoninyima usingizi wiki iliyopita ni hili: ukijua kosa ni lako, na kosa hilohilo ndilo linakuletea ajira, unasema? Unasema lini? Unaanza na nani?

Haya yametokea kweli, na aliyeaibika ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Mimi ni binti, nina degree ya IT, nimerudi nyumbani huku milimani Same. Mashamba yetu yanategemea ndiva, yaani bwawa la udongo ambamo maji ya kijito hujaa usiku, asubuhi linafunguliwa na kila familia inapata zamu yake. Ukikosa zamu kipindi hiki cha jua, maharage yanakauka unayatazama.

Orodha ya zamu inatoka kwenye kompyuta ya ofisi ya umoja wa maji. Ni ya zamani mno, ile yenye kioo cha kisogo kikubwa. Ina Windows 98 na program ya skrini nyeusi iliyotengenezwa na mwalimu mmoja, sasa marehemu. Printa ni dot matrix, ya karatasi zenye matundu pembeni. Ikianza kulia, hata walioko njiani wanajua orodha imetoka.

Mtauliza kwa nini wasinunue mpya. Niliuliza pia.

Printa ile inagonga herufi kwenye karatasi za kaboni, kwa hiyo inatoa nakala tatu kwa mpigo: ya mlangoni, ya mgawa maji na ya faili. Halafu watu wanaiamini. Orodha ya mkono iliwahi kuleta ngumi, maana jina likipanda juu, kila mtu anauliza mwandiko ni wa nani.

Karani ni Mama Nakunda. Yuko pale tangu mimi sijaanza shule.

Jumatatu akanipigia. "Mwanangu, hebu njoo. Mashine inanikatalia."

Nikafika, nikamwamkia, nikakaa. Kwenye skrini: PRINTER NOT SELECTED. Printa haijachaguliwa.

Nikageuka kutazama printa. Taa ya kijani iliyoandikwa SELECT inawaka.

Yaani printa inasema nimechaguliwa, kompyuta inasema hujachaguliwa. Nani mwongo?

Wakuu, hapo ndipo akili yangu ilipoanza kukimbia.

Nikazima, nikawasha. Nikaifanyia printa self test, ikaandika herufi zote vizuri, kwa hiyo yenyewe nzima. Program ina menu ya kuchagua printa, nikachagua zote moja baada ya nyingine. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani kabisa ya kompyuta, nikabadilisha aina ya port ya printa, nikaogopa, nikarudisha. Nikachomoa waya nyuma ya kompyuta, nikapuliza, nikachomeka.

NOT SELECTED.

Jioni nilikuwa na daftari lenye sababu kumi na moja. Ya saba ilikuwa radi. Ya tisa ilikuwa umeme unaotokana na vitambaa vya kufuma, maana Mama Nakunda hufunika kila kitu ofisini. Kompyuta ina kitambaa, simu ina kitambaa, mpaka redio ina kitambaa na imekalia kitambaa.

Jumanne, Jumatano, hali ileile. Mama akawa ananakili zamu kwa mkono kutoka kwenye skrini. Nilikuwa chini ya meza na tochi niliposikia mkulima mmoja mlangoni:

"Mama Nakunda, jina la shemeji yako limepandaje mpaka namba tatu?"

"Limepanda kwa miguu yake. Kompyuta imepanga, mimi nimenakili tu."

"Hiyo kompyuta mbona haisemi yenyewe kama zamani?"

Mama akavuta karatasi, akaendelea kunakili.

Alhamisi akaja mwenyekiti wa umoja. Akasimama, akatazama, akakohoa.

"Mama, umetumikia sana. Mashine na umri haviendi pamoja. Jumamosi kwenye msaragambo nitatangaza. Msomi wetu huyu hapa achukue kiti."

Msaragambo ni ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva. Wote wenye zamu wanakuwepo.

Mama Nakunda akaanza kukunja kitambaa cha simu, pembe kwa pembe, taratibu.

Nami nikasema, "Asante mwenyekiti."

Asante, wakuu! Mwaka mzima sijaitwa hata interview, mdomo ukajisemea.

Ijumaa asubuhi Mama alikwenda kunywa chai, nikabaki peke yangu na sababu ya kumi na mbili: labda waya umekatika katikati. Nikaufuata kwa mkono kutoka kwenye printa. Ukapita nyuma ya kabati, ukaingia chini ya redio. Nikaondoa redio. Nikaondoa kitambaa.

Pale chini kuna kiboksi chenye swichi ya kuzungusha, kimeandikwa A na B. Kompyuta ina tundu moja tu la printa na ofisi ina printa mbili, kwa hiyo kiboksi ndicho kinachoamua. A ni hii ya zamu. B ni printa ya laser, ya barua, ambayo ilikuwa imezimwa.

Swichi ilikuwa B. Kompyuta ilikuwa inaongea na printa iliyolala.

Mtasema, wewe na degree yako hukukijua kiboksi? Nilikijua. Ijumaa iliyotangulia nilikitumia mimi, kuprint barua yangu ya maombi ya kazi. Mama aliniambia, "Ukimaliza rudisha A, funika, weka redio." Nikarudisha, nikafunika, nikaweka redio. Nakumbuka vizuri kabisa, ndiyo maana wiki nzima sikukishuku.

Nilichosahau ni kilichofuata. Nilifika getini, wasiwasi wangu wa kila siku ukanishika: je, nimerudisha kweli? Mimi kufuli naijaribu mara tatu. Nikarudi, nikapitisha mkono chini ya kitambaa bila kuinua redio, nikazungusha mpaka iliposema "tak".

Nikaondoka na amani.

Ile "tak" ndiyo iliyoipeleka swichi B.

Nikairudisha A, nikaprint orodha. Printa ikalia mpaka nje. Mama akaja mbio na kikombe mkononi. "Imekubali! Umeifanyaje?"

Nikasema, "Kuna setting nimebadilisha, mama."

Akaniombea baraka. Usiku ule sikulala. Nikinyamaza napata kazi, na yeye anaondoka akiamini amezeeka. Nikisema, nani atanipa kompyuta yake tena? Labda nimwambie yeye tu, pembeni? Lakini ile "jina limepandaje" haikusemwa pembeni.

Jumamosi, watu wako kwenye tope mpaka magotini. Mwenyekiti akaanza, "Msomi wetu ametengeneza kwa siku chache kilichomshinda..."

Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, printa haikuharibika. Swichi niliigeuza mimi, siku nilipokuja kuprint barua yangu. Mama Nakunda hakukosea chochote, na orodha yake ya mkono ilikuwa sawa na ya kompyuta, nimelinganisha majina yote. Hicho kiti kina mwenyewe. Sikichukui."

Halafu mmoja toka kwenye tope: "Yaani chuo chote kile kimeshindwa na kiswichi?"

Walicheka, wakuu. Walicheka mpaka wakaegemea majembe.

Mama Nakunda peke yake hakucheka. "Ulirudi tena kuhakikisha, kama kawaida yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi wiki nzima namlaumu marehemu mwalimu." Akanisukumia karai. "Ingia, tope linakusubiri."

Nikavua viatu, nikaingia.

Funzo nililopata: kitu kikigoma, anza na ulichogusa mwisho, hasa kile unachoapa kwamba ulikirudisha.

Mama yuko kitini kwake. Kiboksi sasa kiko wazi, kitambaa kimehamia kwenye laser. Ile barua yangu haijajibiwa.

Karibuni mseme, mngefanyaje? Ila msiniulize kama leo nimepita kuhakikisha swichi iko A. Nimepita. Nimetazama kwa macho tu, mikono nyuma.