Mkono Wangu wa Kukamulia

Nisikilize taratibu, na ukisikiliza tazama kifundo cha mkono wako. Hapo ndani pana njia nyembamba, na humo hupita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole gumba na vidole vinavyokifuata. Njia ikivimba, mshipa hubanwa. Mimi hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba kila nilipomkamua ng'ombe wangu mwekundu, hapa kwetu karibu na Minjila, vidole vilikufa ganzi na kibuyu kikaniponyoka.

"Wifi," dada wa mume wangu alinicheka, "leo unainywesha ardhi?"

Nilicheka naye, lakini niliogopa kumpoteza mwekundu wangu. Kwetu ng'ombe anayekamuliwa hubaki nyumbani. Asiyekamuliwa huenda na kundi la mbali malisho yanapopungua. Mama mkwe alikuwa ameshasema: "Mwanangu, mkono usipoweza, ng'ombe ataondoka." Na mwekundu huyu hamshushii mtu mwingine maziwa. Wifi alijaribu, akala teke.

Nikapanda bodaboda hadi Garsen. Tabibu alinikunjisha vifundo vya mikono kwa dakika moja tu, vidole vikawaka moto. Akanieleza bila haraka kwamba mshipa umebanwa, na tiba zake: kwanza gango, kifaa cha kufunga kifundo kisikunjike. Lisiposaidia, sindano ya kupunguza uvimbe. Mshipa ukizidi kubanwa, upasuaji mdogo wa kuukata utando unaoubana, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Njia tatu! Mimi nilikwenda nikidhani hakuna hata moja.

Nilirudi na gango mkononi.

"Unakwenda vitani?" wifi akauliza.

Nilikamua nalo, nikachota maji nalo. Baada ya Isha nikalivua ili mkono upumzike. Wiki mbili zikapita, ganzi ileile. Nikarudi kwa tabibu nimenuna.

"Mama, unalivaa saa ngapi?"

Nilipomjibu, alicheka mpaka nami nikacheka. Tukilala, akasema, mkono hujikunja wenyewe, na hapo ndipo mshipa hubanwa zaidi. Gango ni la kulalia!

Nikageuza mambo. Baada ya Isha nalifunga, alfajiri nalivua nitie udhu. Wifi akachukua kazi ya kuwakamua ng'ombe wengine wote, akaniachia mwekundu peke yake. Wiki zikaenda, mpaka asubuhi moja nikaamka vidole vyote vikiwa vyangu. Niliviminyaminya kimoja kimoja, nikamwita wifi aje naye aviminye!

Siku kundi lilipohama, mama mkwe alisimama kando yangu nikikamua. Povu likapanda hadi shingo ya kibuyu, na mkono haukutetereka.

"Huyu anabaki," akasema, akaenda kuwaswaga wanaohama.

Nawe ukiamka na ganzi ya namna hii, usingoje mpaka nyama ya chini ya kidole gumba ipungue, maana hapo mshipa umeshaumia. Nenda ukapimwe, na ukipewa gango, lifunge kila siku kabla ya kulala, kifundo kikiwa kimenyooka.